Funga Daftari, Andika

Wewe dereva uliyekwama kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma ukingoja karatasi zako zitoke, sikiliza, maana huenda umemwacha nyumbani mtoto wa kidato cha nne, na habari ya leo inamhusu.

Tuko Agosti. Kahawa inachumwa Mbozi, mahindi yako ghalani au yameshauzwa, na Novemba unaanza mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Ukipita mitaani jioni utawaona watahiniwa wetu barazani, kwenye mwanga wa taa ya sola au wa duka la jirani, daftari mapajani, midomo inachezacheza. Wanasoma. Wakifika mwisho wanarudi mwanzo, wanasoma tena. Mwenye kalamu ya rangi anapaka sentensi muhimu, na kwa kuwa kila sentensi anaiona muhimu, ukurasa mzima unageuka njano. Wenyewe wanaita kupiga msuli. Na kweli ni msuli, kwa sababu wapo wanaofika saa nane za usiku miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi wasije wakasinzia.

Siwadharau hata kidogo. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya juhudi hiyo inakwenda mahali pasipo na alama. Chumba cha mtihani hakitakuuliza daftari umelisoma mara ngapi. Kitakupa karatasi ya maswali, kijitabu cha kujibia na saa tatu. Mwanafunzi aliyerudia daftari lake mara sita bila kuandika chochote kutoka kichwani ni sawa na lori la shaba lililofika Nakonde, upande wa Zambia, likiwa halina hati: mzigo upo, umefungwa vizuri, na hauvuki. Kwa hiyo kazi kubwa ya miezi hii iliyobaki iwe ni kutoa. Soma mada mara moja kwa utulivu, funga daftari, andika unachokikumbuka, halafu fungua ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Panapoonekana pengo, hapo ndipo pa kusoma.

Watafiti wa kumbukumbu wamelipima jambo hili. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwagawa wanafunzi katika makundi na kuwapa habari fupi ya kusoma. Kundi moja lilisoma habari hiyo mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kujaribu kuiandika upya mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, na wenzao 71. Lakini baada ya wiki moja waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40. Waliojipima walikuwa na 61.

Angalia hizo dakika tano, kwa sababu ndizo zinazotuponza. Ukirudia ukurasa unajisikia umeelewa, maneno yanateleza vizuri, unalala kwa amani. Ukijipima unajisikia mjinga, unakwama, unakuna kichwa. Basi mwanafunzi, kama binadamu yeyote, anachagua kile kinachompa raha jioni ile. Halafu Novemba anatoka chumbani akisema, "Kitu nilikisoma, mwalimu, nilikiona kabisa ukurasa wake, kikanitoka." Hakikumtoka. Hakuwahi kujizoeza kukitoa.

Sasa tuifungue karatasi yenyewe, kwa sababu nashangaa ni wangapi wanaingia Novemba bila kujua imejengwaje. Baraza la Mitihani, NECTA, hutoa fomati kwa kila somo, na iko wazi kwenye tovuti yao. Katika masomo mengi, kwa mfano Historia, Jiografia, Uraia na Baiolojia, karatasi ina maswali 11. Sehemu A ina maswali mawili, la kuchagua na la kuoanisha, jumla alama 16. Sehemu B ina maswali sita ya majibu mafupi, kila moja alama 9, jumla 54. Sehemu C ni insha: unachagua mbili, kila moja alama 15, jumla 30.

Chukua kalamu tupige hesabu. Saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100, kwa hiyo kila alama ina dakika moja na sekunde arobaini na nane. Swali la alama 9 linastahili dakika 16. Insha inastahili dakika 27. Sasa fikiria yule anayetumia dakika 50 kwenye insha ya kwanza kwa sababu anaipenda mada ya ukoloni. Amekula muda wa insha ya pili karibu wote, na insha aliyoipamba haiwezi kuzidi 15 hata akiandika kitabu.

Alama za madaraja nazo zijulikane. A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya 30 ni F. A ina pointi 1, F pointi 5, na huhesabiwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Mwenye C saba ana pointi 21, maana yake daraja la pili. C ni 45. Kazi za shule zina mchango wake kwenye alama ya mwisho, tuziache kando kwa sasa. Tazama karatasi tu. Sehemu A na B zina alama 70. Anayepata theluthi mbili ya hizo amekwisha kuvuka 45 kabla hajagusa insha. Wapo wanafunzi waliokwisha kujikatia tamaa wakiamini kufaulu ni kazi ya vipanga wa mbele. Hawajui wako karibu kiasi gani.

Wazee mtakumbuka Februari 2013, matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima wakawa na sifuri. Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu wa wakati huo, Pinda, akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya Mei mwaka ule. Tulilaumu walimu, serikali, simu, hata muziki. Mimi nalitaja kwa sababu moja: miongoni mwa vijitabu vya majibu vya mwaka ule vilikuwemo vya watoto walioandika mashairi ya bongo fleva na michoro badala ya majibu. Mtoto anayechora katuni kwenye mtihani wa taifa mara nyingi hakulielewa swali lenyewe limeandikwa nini. Na hapa ndipo penye jiwe kubwa kuliko yote.

Mtoto wa mkoa wetu wa Songwe anaamka nyumbani akizungumza Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali au Kilambya. Anaingia darasa la kwanza anafundishwa kwa Kiswahili miaka saba. Kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Tukigombana hapa redioni kuhusu sera hiyo hatutamaliza leo, na mtahiniwa wa Novemba haitamsaidia. Yeye anahitaji mbinu ya kuishi nayo.

Mbinu yangu ni hii. Kuelewa, elewa kwa lugha yoyote. Mkiwa kwenye kikundi, jadilianeni usanisinuru kwa Kiswahili, hata kwa Kinyiha mkipenda, mpaka kila mmoja aweze kumweleza mdogo wake wa darasa la sita. Lakini kuandika jibu, andikeni kwa Kiingereza cha mtihani, kila siku, japo sentensi nne. Ambaye anaelewa kwa Kiswahili na kusubiri Novemba ndipo atafsiri, dakika zake 16 zitaishia kwenye kutafuta neno. Na yule anayekariri Kiingereza bila kujua maana, swali likigeuzwa kidogo tu ameingia chaka.

Kisha yale maneno ya kuamrisha yanayoanza kila swali. Kuna neno linalokutaka utaje, jingine linakutaka ueleze, jingine utofautishe, jingine utathmini, jingine uthibitishe kwa mifano. Si mengi. Yaandike kwenye karatasi moja, kila neno na maana yake na jibu moja la mfano, uibandike ukutani. Mwanafunzi aliyeambiwa atofautishe mito na maziwa, akaeleza mito kwa aya moja na maziwa kwa aya nyingine bila kuviweka pamoja mahali popote, ana maarifa yote na alama chache. Hilo NECTA wanalirudia mwaka hadi mwaka katika taarifa zao za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizo ziko bure kwenye tovuti yao, somo kwa somo, zikiwa na vipande vya majibu halisi, mazuri na mabaya, na maelezo ya kwa nini hili lilipata alama na lile likakosa. Ningekuwa na shilingi elfu chache na mtihani mbele yangu, ningeachana na kile kitabu cha maswali na majibu kinachouzwa stendi, nikaenda kwa mwenye printa nikachapa kurasa za taarifa hizo kwa masomo yangu mawili yanayonitesa.

Tuje Hisabati, somo linalowatoa watu jasho hata kwenye baridi ya Mbozi. Karatasi yake ina maswali 14, yote lazima: kumi ya alama 6 na manne ya alama 10. Sasa panga mezani karatasi za miaka minne ya karibuni, uzitazame kwa ulalo, swali la tatu kwa swali la tatu. Utaona seti na uwezekano. La saba, uwiano, faida na hasara, pamoja na hesabu za biashara. La nane, mfuatano na jumla. Mada zina makazi yake. Hiyo siyo siri iliyovuja, iko kwenye fomati. Maana yake unaweza kujua leo maswali gani sita unayamudu, yapi manne yanakaribia, na yapi uyaache yakusubiri. Anayeanza marudio kwenye mada inayomshinda kabisa, eti aishinde kwanza, huchoka kabla hajavuna zile rahisi.

Lakini kuna mtego. Wengi wakishaijua mada wanafanya maswali ishirini ya mada hiyo mfululizo: leo ujazo wa pia, ishirini, kesho matriksi, ishirini. Kufikia swali la tano mkono unakwenda wenyewe, unajiona fundi. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor, watafiti wa Marekani, walijaribu hili kwa maswali ya ujazo wa maumbo. Waliofanya aina moja baada ya nyingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa walipata 60. Wiki moja baadaye, kwenye jaribio, wa kwanza walishuka hadi 20 na wa pili wakapata 63. Mtihani hukuuliza kwanza hili ni swali la aina gani, ndipo ufanye hesabu. Aliyefanya ya aina moja tu hajawahi kujizoeza kulijibu hilo swali la kwanza. Kwa hiyo andika maswali kwenye vikaratasi, yatie kwenye kopo, uchanganye, uvute matano kila jioni. Na uonyeshe njia zote. Jibu tupu lililokosewa halina alama. Njia nzuri iliyoishia kwenye jibu lililokosewa ina alama zake.

Na vijana wa Tunduma, kusema kweli nyie mna bahati ambayo hamuitumii. Kijana wa miaka kumi na saba anayebadilisha kwacha pale mpakani, akiongeza asilimia yake bila kikokotoo na asikosee, huyohuyo darasani anasema uwiano na viwango havipandi. Mpe swali la darasani kwa lugha ya mpakani: umenunua kwacha kwa bei hii, umeuza kwa bei hii, faida yako asilimia ngapi? Atakujibu kabla hujamaliza. Kinachobaki ni kuandika hatua zake kwenye karatasi.

Bahati hiyohiyo iko kwenye Historia. Mtoto anakariri mkataba wa 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani kama tarehe iliyoanguka kutoka mbinguni, na kumbe anauvuka mkataba huo kila akitumwa sukari Nakonde. Tarehe 1 Julai 1890 ndipo walipokubaliana mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, Waingereza waking'ang'ania ile barabara ya Stevenson iliyoanzwa kujengwa miaka ya 1880 kuunganisha maziwa hayo mawili ibaki upande wao. Mpaka tunaousimulia ni matokeo ya mabishano yale. Vita ya Kwanza ya Dunia nayo ilipita mlangoni kwetu. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alivuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini kwa njia ya Fife, ng'ambo tu hapa upande wa Nakonde, akaiteka Kasama. Habari kwamba vita imekwisha Ulaya ikamkuta mto Chambeshi, na akasalimisha majeshi yake Abercorn, siku hizi Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza! Ukiambiwa ueleze vita ile ilivyoifikia Afrika Mashariki, mfano huo unao wewe, mlangoni kwako.

Ila mfano haujibu swali peke yake. Insha ya Historia inataka utangulizi unaosema unakwenda wapi, hoja tano au sita, kila hoja na aya yake, na hitimisho fupi. Kujizoeza si lazima uandike insha nzima kila siku. Andika mifupa: swali, sentensi moja ya utangulizi, hoja sita kwa sentensi moja moja, na mfano mmoja kila hoja. Dakika kumi. Kwa wiki utakuwa umejibu insha saba bila kuumia mkono. Jumapili chagua moja uiandike kamili, saa mezani, dakika 27, ikiita umeweka kalamu chini.

Jiografia haina sababu ya kuwa somo la kukariri kwa mtu wa Songwe. Tuna mito miwili yenye jina la Songwe. Mmoja unatoka milima ya Ileje ukichora mpaka wetu na Malawi, unashuka hadi Ziwa Nyasa, na maji yake kwa njia ya Shire na Zambezi yanaweza kufika Bahari ya Hindi. Mwingine unaelekea Ziwa Rukwa, na Rukwa halina pa kutokea. Maji yakiingia, hutoka kwa kukauka juani. Hapo una mfumo wa maji wa ndani na ule wa kwenda baharini, umekaa kwenye mkoa mmoja. Ule wa mpakani, juu kwenye miteremko unachimba, chini kwenye tambarare za Kyela unajipinda na kuhamahama mkondo, hata serikali mbili zikalazimika kuuwekea mpango wa pamoja. Chora mto huo kwenye ukurasa mmoja, hatua ya juu, ya kati na ya chini, uandike majina ya kila umbo. Kisha chora tena bila kuangalia. Na usomaji wa ramani, ambao wengi wanaukimbia, ni alama zisizohitaji kumbukumbu kubwa: kipimio, uzi, rula na mazoezi. Uzi unauzwa Tunduma kila kona.

Sayansi nitaipitia haraka, maana walimu wake wanaisema vizuri kuliko mimi. Michoro ya Baiolojia ichorwe kwa penseli, mara nyingi, na mistari ya majina isivukane. Fizikia, anza na fomula na vipimo vyake. Aliyesahau vipimo hupoteza alama akiwa na namba sahihi. Mwende mkaangalie kimondo chetu pale Ndolezi mkiwa na daftari la Fizikia. Kinakadiriwa kuwa na tani 16 hivi, sehemu kubwa chuma, na nikeli kiasi. Mwanafunzi anayejua msongamano wa chuma ni karibu kilo 7,900 kwa mita ya ujazo atakwambia jiwe lile lina mita za ujazo mbili tu, ndogo kuliko lundo la mchanga wa fundi mmoja. Swali zuri sana hilo, na hakuna kitabu kilichomwandalia jibu. Kwa upande wa maabara, shule zetu za kata nyingi zina vifaa vichache na darasa lililojaa. Msikubali kuwa watazamaji. Aliyeshika bureti mara mbili tu kwa mkono wake ana uhakika zaidi ya aliyetazama mara kumi kutoka nyuma ya vichwa vya wenzake. Kama vifaa havitoshi, omba zamu, na wakati wa kungoja jaza jedwali la matokeo ya mwenzako na uchore grafu yake.

Kiswahili kinadharauliwa, nami nasema hivyo kwa uchungu. "Kiswahili si chetu?" Ndiyo, chetu, na ndiyo maana watu wanaingia na kitabu hawajakisoma. Kwa miaka mingi watahiniwa wamekuwa wakijibia Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, tamthiliya ya Ngoswe ya Edwin Semzaba, na diwani ya Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib. Wengi wanavijua kwa muhtasari wa stendi. Swali likisema thibitisha kwa hoja tatu kutoka kila kitabu kati ya vitabu viwili, mwenye muhtasari anatoa dhamira: umaskini, ukoloni, mapenzi. Halafu anakwama, kwa sababu hajui nani alimfanyia nani nini, na wapi. Someni vitabu vyenyewe. Vifupi vile! Kimoja kinakwisha Jumamosi na Jumapili, na ukishakimaliza andika ukurasa mmoja wa matukio na majina, bila kukifungua.

Sasa muda. Miezi hii kwetu ni ya kahawa, na mzazi wa Mbozi hana namna ya kuvuna peke yake. Sitasimama hapa kumwambia asimtumie mwanawe. Ninachomwomba ni kubadilishana: asubuhi shambani, na ifikapo saa tisa alasiri mtoto awe mezani kabla hajachoka kabisa, hasa binti, kwa sababu yeye akitoka shambani anakuta jiko, maji na wadogo zake, na kaka yake anakuta daftari. Ndugu zangu, mgao huo hauko sawa, na matokeo ya Januari huuonyesha bila huruma.

Na usiku watu walale. Ubongo hupanga mambo ya mchana wakati wa usingizi. Mwenye kukesha anasoma kwa mkono wa kulia na kumwaga kwa wa kushoto. Ukigawa mada moja siku tatu tofauti, dakika arobaini kila siku, utaishika kuliko ukiikandamiza usiku mmoja kwa saa mbili. Jumatatu jifunze, Alhamisi jipime, wiki inayofuata jipime tena.

Wale wa simu za usiku nao niwaseme. Kila Oktoba yanazaliwa makundi ya kuuza pepa zilizovuja. Unatuma hela, unapokea karatasi ya mwaka uliopita iliyobadilishwa tarehe, na kama kweli ungepata ya wizi, NECTA hufuta matokeo, na bila matokeo hakuna kidato cha tano. Kama una hela ya kumpa tapeli, nunua karatasi za kujibia na kalamu tatu.

Nina ujumbe hapa wa kijana anayejiandaa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anasema anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi karibu na mpaka, anafunga saa mbili usiku, na anarudia masomo manne. Ndugu yangu, wewe huna muda wa kusoma kama wenzako wa bweni, na usijaribu. Masomo manne, siku nne, kila somo siku yake, Ijumaa ya kurudia lililokushinda. Asubuhi kabla ya wateja, nakili swali moja la sehemu B kutoka mtihani uliopita kwenye karatasi ndogo, liweke chini ya mashine ya kuhesabia. Mchana foleni ikipoa, lijibu bila kitabu, dakika 16, hata likikatizwa na mteja wa vocha, endelea ulipoishia. Usiku kabla ya kufunga mlango, fungua kitabu, jisahihishe, weka alama juu ya karatasi na tarehe. Zitunze kwenye bahasha moja kwa kila somo. Mwezi wa kumi zitoe zote, ufanye upya zile ulizopata chini ya tano. Na lile swali lako la kama uache Jiografia kwa sababu ya ramani: usiache. Njoo Jumamosi na uzi na rula, mwalimu wako wa zamani hajahama.